Yadi moja ya kitenge na karatasi chache: mfuko wa sokoni, mfuko wa karatasi na daftari, bila cherehani

Mtu akisema anataka kujifunza kushona, kuna atakayemwambia aanze na gauni la mtoto, kwa kuwa ni dogo. Huo ni ushauri mbaya. Gauni dogo lina shingo, lina makwapa, lina mikono, na kila kimoja kati ya hivyo ni mduara unaotaka ujuzi. Udogo wake unazidisha taabu tu, maana vidole havipati pa kupita.

Anza na mistari iliyonyooka. Vitu vyote vilivyomo humu vinatokana na mistatili: mfuko wa kitenge wa kwendea sokoni, mfuko wa karatasi wa kuwekea bidhaa ndogo au zawadi, na daftari lililoshonwa kwa uzi. Havihitaji cherehani. Vinahitaji rula, pasi na subira ya kupima mara mbili kabla ya kukata. Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi safi inapoachana na kazi ya ovyo, kwenye kupima, kukunja na kupiga pasi, kabla hata sindano haijatungwa uzi. Na kwa kuwa karatasi nayo hupimwa na kukunjwa, mkono uliozoea kimoja haupati shida kwa kingine.

Vifaa

Upande wa nguo: yadi moja ya kitenge cha pamba, rili ya uzi wa poliesta wa rangi inayokaribiana na kitenge, sindano za mkono, pini, mkasi, chaki ya fundi, tepu ya kupimia na pasi. Sindano za mkono huenda kwa namba, na namba ikiwa kubwa sindano huwa nyembamba zaidi. Kwa kitenge namba 7 au 8 inafaa. Ukiweza, tafuta na kastabini ya kuvaa kidoleni, maana mahali pa kushona tabaka nne au sita za kitambaa, kidole kitupu kitaumia.

Mkasi wa kitambaa usikate karatasi. Karatasi hula makali haraka, na mkasi uliopoteza makali hautakata kitenge, utakitafuna. Kama nyumbani upo mmoja tu, utumie kwenye nguo, na karatasi uikate kwa wembe na rula ya chuma.

Upande wa karatasi: karatasi kumi za A4, karatasi kadhaa za A3 au khaki, kipande cha manila, penseli, mshumaa, gundi, na kitu chenye ncha cha kutobolea. Maharazi ya fundi viatu ndiyo mazuri zaidi, lakini sindano nene ya kushonea magunia inatosha.

Kuhusu kitenge: upana wake kwa kawaida ni sentimita 115 hivi, ila hutofautiana, kwa hiyo upime wako kabla ya kuchora chochote. Chagua cha pamba. Vile vyepesi vinavyoteleza kama hariri ni vya bei nafuu, lakini havishiki mkunjo wa pasi, na kwa anayeanza ni mateso. Kariakoo ya Dar es Salaam, Darajani ya Zanzibar au Biashara Street ya Mombasa, muuzaji atakukatia yadi moja usipokutana na yule anayeuza vipande vizima tu.

Loweka kitenge kwenye maji baridi, kifue kwa sabuni kidogo, kianike kivulini, kisha kipige pasi kikiwa na unyevu. Kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani na hunywea kikifuliwa. Ukishona kabla ya kukifua, mfuko utavutika mishononi siku utakapoufua. Wanaotumia pasi ya mkaa waipungie nje majivu yatoke, waifute kitako, na waijaribu kwanza juu ya kitambaa kikuukuu.

Mishono mitatu inayotosha

Uzi usizidi dhiraa moja na nusu, yaani kutoka ncha ya vidole hadi kiwiko na nusu yake tena. Uzi mrefu hujisokota na kufunga mafundo, na muda utakaouokoa kwa kutotunga sindano mara kwa mara utauchoma kwenye kufumua.

Wa kwanza ni bandi: sindano inazama na kuibuka, inazama na kuibuka, hatua za nusu sentimita. Bandi hushikilia kitambaa kwa muda, au hufanya kazi mahali pasipovutwa.

Wa pili ni ule wa kurudi nyuma, na huu ndio utakaobeba viazi. Ibua sindano hatua moja mbele ya mahali uzi ulipoishia, irudishe nyuma izame pale pale ulipoishia mshono uliotangulia, kisha iibue tena hatua moja mbele. Kwa juu unaonekana kama mshono wa cherehani, kwa chini nyuzi zinapishana. Hatua ziwe milimita 3 na uzi uwe mara mbili.

Wa tatu ni wa kushikiza pindo: sindano inachota nyuzi mbili tatu tu za kitambaa cha nje, kisha inapita kwenye ukingo wa pindo, hivyo hivyo kila nusu sentimita. Kwa nje huonekana vitone vidogo tu.

Jaribu yote mitatu kwenye kipande cha kutupa kabla ya kugusa yadi yako.

Mfuko wa sokoni

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Tangu hapo mfuko wa kubeba mwenyewe umekuwa kitu cha kila siku, na mifuko laini inayouzwa sokoni huachia mshikio mapema. Huu utakuwa na upana wa sentimita 39, urefu wa 36 na kitako cha 10.

Kata kiwiliwili cha sentimita 42 kwa 90, na mishikio miwili ya 10 kwa 60. Yadi moja ni sentimita 91, kwa hiyo urefu unatosha barabara. Ukipanga vizuri, yadi hiyo hiyo hutoa mifuko miwili: chora viwiliwili viwili vya 42 sambamba, kisha mikanda mitatu ya upana wa 10. Jumla ni sentimita 114. Mikanda miwili utaikata 60 kwa mishikio ya kuvaa begani, na wa tatu utaugawa mara mbili, 45 kwa 45, uwe mishikio ya mkononi ya mfuko wa pili. Vipande viwili vya sentimita 30 vitakavyobaki usivitupe, kimoja kina kazi kwenye daftari.

Kabla ya kukata tazama maua yanaelekea wapi. Kiwiliwili hiki ni kipande kimoja kinachokunjwa chini, kwa hiyo kama kitenge kina ndege au vikombe vinavyosimama upande mmoja, mbele watasimama na nyuma watakuwa kichwa chini. Kwa kitenge cha namna hiyo kata vipande viwili vya 42 kwa 46 na kuviunga chini kwa mshono ule ule wa pembeni nitakaoueleza. Utalazimika kununua zaidi kidogo ya yadi. Na ukitumia khanga badala ya kitenge, angalia jina lilipo, usije ukalikata katikati na kutembea sokoni na nusu ya methali.

Anza na mishikio. Kunja mkanda katikati kwa urefu, piga pasi, ufungue. Utaona mstari wa katikati. Lete kingo zote mbili zikutane kwenye mstari huo, piga pasi, kisha kunja tena katikati. Sasa una mkanda wa tabaka nne wenye upana wa sentimita 2.5. Shona kwa kurudi nyuma ukingo ulio wazi, kisha ule mwingine pia ili mkanda utulie. Kazi hii inachosha kuliko zote humu. Ifanye ukiwa na mazungumzo au redio.

Pembeni kuna njia ya kushona inayoficha kingo zote ndani, hivyo mfuko hautatoa manyuzi hata ukifuliwa kila wiki. Kunja kiwiliwili katikati, upande mzuri ukiwa nje. Ndiyo, nje. Piga pini. Shona pande zote mbili kwa bandi ya karibu karibu, nusu sentimita kutoka ukingoni. Punguza manyuzi yanayochomoza kwa mkasi, kisha geuza mfuko ndani nje, sukuma pembe kwa ncha ya penseli butu, na upige pasi mishono ikae ukingoni kabisa. Sasa shona tena pande zote mbili kwa mshono wa kurudi nyuma, sentimita moja kutoka ukingoni. Ukingo wenye manyuzi umefungiwa katikati ya mishono miwili.

Kitako huwatisha watu bure. Mfuko ukiwa bado ndani nje, shika pembe moja ya chini uifungue ili mshono wa pembeni ulale juu ya mkunjo wa chini. Pembe itakuwa pembetatu. Pima sentimita 5 kutoka kwenye ncha ukifuata mshono, kisha chora mstari unaokatiza pembetatu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mstari huo utakuwa na sentimita 10 kamili. Usipokuwa 10, pembe haijakaa sawa, irekebishe. Shona juu ya mstari kwa kurudi nyuma, mara mbili. Rudia pembe ya pili. Mafundi wengi hukata pembetatu hizo. Mimi naona ni afadhali kuzilaza kuelekea katikati ya kitako na kuzishikiza kwa bandi, ndipo kitako kinapata tabaka za ziada pale pale uzito unapokalia.

Mdomo: kunja kuelekea ndani sentimita 1, piga pasi, kisha kunja tena sentimita 3, piga pasi. Pima sentimita 10 kutoka kila mshono wa pembeni na uweke alama. Ingiza ncha za mshikio mmoja chini ya pindo kwenye alama za upande mmoja, mshikio wenyewe ukining'inia chini, ncha ziingie hadi kwenye mkunjo. Hakikisha mshikio haujajisokota. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Shona pindo lote kwa mshono wa kushikiza. Kisha inua kila mshikio utazame juu na ushone mraba juu ya pindo mahali unapopita, pamoja na mistari miwili ya kukatiza ndani ya mraba, kwa kurudi nyuma na uzi mara mbili. Hapa kastabini ni lazima. Mfuko ukiwa na kilo tano za mchele, uzito wote unaning'inia kwenye miraba hiyo minne, kwa hiyo usiifanye kwa haraka.

Gundi ya unga

Kabla ya karatasi, gundi. Koroga vijiko vitatu vikubwa vya unga wa ngano kwenye robo kikombe ya maji baridi mpaka mabonge yaishe. Chemsha robo tatu ya kikombe ya maji, mimina mchanganyiko taratibu huku ukikoroga, na uache kwenye moto mdogo hadi uji uwe mzito na uanze kung'aa. Upitishe kwenye chujio la chai, uache upoe. Hii ndiyo gundi iliyobandika tiara na vishada vya watoto miaka mingi. Hukaa siku mbili tatu, na zaidi kidogo kwenye friji. Ikinuka uchachu, imwage.

Ina kasoro moja: mende wanaipenda. Kwa mfuko wa karatasi utakaotumika na kuisha hakuna neno, ila kwa daftari la kudumu nunua gundi nyeupe ya seremala.

Mfuko wa karatasi

Karatasi moja ya A3 (sentimita 42 kwa 29.7) hutoa mfuko wenye uso wa sentimita 14, unene wa 6 na kimo cha 25 na ushee. Gazeti linafaa kwa vitu vikavu vilivyofungwa, lakini maandazi na karanga za kukaanga zisiguse wino. Kwa chakula tumia khaki mpya.

Laza karatasi kwa upana. Paka gundi ukanda wa sentimita 2 upande wa kushoto, leta upande wa kulia uukalie, na ukandamize. Umepata bomba bapa lenye upana wa sentimita 20. Kunja sehemu ya chini kwenda juu sentimita 7, piga mkunjo kwa ukucha au mgongo wa kijiko. Sasa fungua mdomo wa sehemu hiyo iliyokunjwa: tabaka la juu livute chini, lile la ndani libaki lilipo, na pande mbili zitajilaza zenyewe kuwa pembetatu. Ukiona umbo la almasi iliyokatwa ncha, umepatia. Kunja ukingo wa chini upande kupita katikati kwa sentimita moja, paka gundi, kisha ukingo wa juu ushuke kupita katikati vivyo hivyo na ukalie ule wa kwanza. Kitako kimefungika, kina unene wa sentimita 6.

Kwa pembeni, kunja kila upande sentimita 3 kwenda mbele, kisha mkunjo huo huo kwenda nyuma, halafu fungua mfuko na usukume pembeni ndani. Ule mkunjo wa mwanzo wa chini, wa sentimita 7, utabaki kama alama usoni mwa mfuko, ni kawaida. Ukiweka ndani kipande cha boksi la sabuni cha sentimita 13.5 kwa 5.5, kitako kitasimama vizuri zaidi.

Daftari la kushona

Hapa kitenge na karatasi vinakutana. Karatasi kumi za A4 zikikunjwa katikati hutoa kurasa 40, kiasi kizuri kwa mapishi, hesabu za duka dogo au kumbukumbu za chama.

Kunja karatasi tano tano, si zote kumi kwa mkupuo. Karatasi ina nyuzi zinazoelekea upande mmoja, na kwenye A4 nyingi za fotokopi zinaelekea kwa urefu, kwa hiyo ukiikunja katikati unakwenda kinyume nazo na mkunjo mnene hugoma na kupasuka. Kandamiza mkunjo kwa mgongo wa kijiko, kisha chomeka kundi moja ndani ya jingine.

Jalada ni manila ya sentimita 30.5 kwa 21.5, iliyokunjwa katikati. Pata rula na uburuze ncha ya maharazi kwa wepesi kwenye mstari wa mkunjo kabla ya kukunja, ili ikunjike bila kukwaruka. Chukua kile kipande cha kitenge cha 10 kwa 30, kipunguze kiwe 10 kwa 24, na upige pasi kingo ndefu sentimita 1 kuelekea ndani. Umebakiwa na ukanda wa sentimita 8. Paka gundi nyembamba upande wa nyuma, ulaze juu ya mgongo wa jalada ukigawanyika sawasawa mbele na nyuma, na masalio ya juu na chini yakunje yaingie ndani. Liache likauke chini ya vitabu vizito usiku kucha. Gundi nyingi italoweka kitenge na kuacha madoa, na jalada litajikunja kama gome.

Weka karatasi ndani ya jalada, fungua katikati, na utie alama tano kwenye mkunjo ukianzia juu ya karatasi: sentimita 1.5, 6, 10.5, 15 na 19.5. Bana jalada na karatasi kwa vibanio vya nguo visisogee, weka kitabu kikuukuu kilichofunguliwa chini yake, na utoboe kila alama kwa maharazi kutoka ndani kwenda nje. Ncha itokee kwenye mkunjo hasa wa mgongo.

Kata uzi wa sentimita 90, uburuze mara mbili kwenye mshumaa ili usisokotane wala kuteleza. Tuyape matundu namba kutoka juu, 1 hadi 5, kisha fuata njia hii:

1. Anza ndani, toka nje kwa tundu la 3, ukiacha mkia wa sentimita 10 ndani.
2. Ingia kwa 2, toka kwa 1, ingia tena kwa 2.
3. Ukiwa ndani, ruka tundu la 3, toka kwa 4.
4. Ingia kwa 5, toka tena kwa 4.
5. Ingia kwa 3.

Sindano ikirudi kwenye tundu lenye uzi tayari, iangalie isiuchome uzi wa kwanza, la sivyo hutaweza kukaza. Kaza kwa kuvuta uzi sambamba na mgongo. Ukiuvuta kwenda juu utapasua karatasi. Mwishoni mikia miwili iwe kila mmoja upande wake wa ule uzi mrefu unaopita katikati. Ifunge fundo mara mbili juu ya uzi huo, na uikate ibaki sentimita 1.

Utaona karatasi za katikati zimechomoza kuliko za nje. Funga daftari, weka rula ya chuma ukingoni, na ukate kwa wembe mpya kwa mikato mingi myepesi. Wembe usiwe karibu na watoto.

Ukitaka kifungo, tumia shanga ya karatasi, ile ambayo akina mama wa Acholi Quarter kule Kampala wanajulikana kwayo. Kata pembetatu ndefu kutoka kwenye kalenda ya zamani, kitako sentimita 2.5 na urefu 28, iviringe kwa kukaza kwenye kijiti cha meno ukianzia kitakoni, ncha ubandike kwa gundi, kisha uipake gundi nyeupe nje mara mbili. Ikikauka, itunge kwenye kamba na uishone ukingoni mwa jalada la mbele, na kwenye jalada la nyuma shona kitanzi cha uzi kinachoitosha.

Kurasa zikijaa, kata uzi, toa karatasi, na ushone kumi nyingine kwenye jalada lile lile. Matundu ya jalada tayari yapo. Yatumie hayo kama kipimo cha kutobolea karatasi mpya.